Anko, hii ni ya kweli au ni ya mtihani?

Jumapili za kwetu Kibosho zina ratiba ambayo haijabadilika tangu niko mdogo. Misa ya kwanza, chai, mama anaingia jikoni, mtori unaiva, halafu kuanzia kama saa nane mchana sebule ni ya mama na rimoti ni ya mama, ile rimoti bado iko ndani ya nailoni yake tangu TV inunuliwe na ukiigusa bila ruhusa unaambiwa mikono yako ya mjini hiyo. Wamama wa wenzangu wanaangalia tamthilia za Kituruki. Wa kwangu anaangalia wanyama.

Na haangalii kimya kimya jamani. Duma akianza kunyata kwenye majani mama tayari ameshajisogeza ukingoni mwa kochi, "kimbia we, kimbia, geuka kulia, kulia!", swala tomi maskini hamsikii, vumbi linatimka, chali. Mama anasonya. Afu lawama zote zinamwendea mpiga picha, eti huyu baba kasimama na kamera yake muda wote huo, si angepiga hata kelele? Nimeshamwambia mara sijui ngapi kwamba wale hawatakiwi kuingilia, na siku moja nikajifanya mjuaji nikamwambia hata ile sauti ya mifupa kuvunjwavunjwa mara nyingi inatengenezwa studio baadaye maana kamera inakuwa mbali haiwezi kunasa, aisee aliniangalia kama vile nimemwambia divai ya altare ni juisi ya zabibu.

Mi mwenyewe nazipenda hizi dokumentari, sijifichi. Nimejifunza mengi kwenye kile kiti cha pembeni kuliko darasani. Kwamba fisi ukimtazama unasema mbwa lakini kiukoo yuko karibu zaidi na paka, na kwamba kwa fisi madoa jike ndo mkubwa na ndo bosi, mtoto anarithi cheo cha mama yake (mama alifurahi sana hiyo siku, akarudia mara tatu, baba akatoka nje kuangalia ng'ombe). Twiga na shingo yote ile ana pingili saba tu za shingo, saba kama mimi na wewe, ila zake kila moja ndefu kama mkono wa mtoto. Na kubwa kuliko yote, perere.

Perere kwa wasiotoka mlimani ni kale kamnyama ka kwenye miti, ukubwa wa sungura hivi, ambako usiku kanapiga kelele kama mlango wa zamani unaofunguliwa polepole, afu kanamalizia kama mtu anayekabwa. Watoto wa huku wote tumeshatishiwa na ile sauti. Sasa siku hiyo TV ikasema perere na pimbi ndugu zao wa karibu walio hai leo ni tembo na nguva. Mama akacheka mpaka akavua miwani. Lakini wakaonyesha meno, yale mawili ya mbele yamechongoka kama vipembe vya tembo, wakaonyesha miguu, kucha zimekaa kama vikwato vidogo, wakaeleza ukoo ulivyoachana zamani sana, mama akatulia. Akasema, "Haya. Mungu fundi."

Hiyo ndo kauli yake. Kila TV ikisema mnyama huyu amebadilika kwa mamilioni ya miaka mama anasema Mungu fundi na tunaendelea, hakuna ugomvi, nyangumi zamani alikuwa na miguu minne anatembea nchi kavu, Mungu fundi, ndege wametokana na madainosa, Mungu fundi, ongeza mchuzi. Miaka yote nilidhani kwetu hili suala limeshaisha.

Mpaka wakaweka Gombe.

Ilikuwa programu nzuri sana, sokwe wa Kigoma, ile habari ya mtafiti Jane Goodall mwaka 1960 kumwona sokwe akichukua kijiti cha jani, anakichomeka kwenye kichuguu, anakitoa kimejaa mchwa anawalamba, kitu ambacho kabla ya hapo wasomi wa dunia walikuwa wanasema binadamu peke yake ndo anatengeneza vifaa. Mama alikuwa anamsifia yule sokwe kabisa, "ona alivyo na akili, ona anavyomfundisha mwanae". Afu mtangazaji akasema hawa ndio ndugu zetu wa karibu kuliko viumbe wote walio hai. Nailoni ya rimoti ikalia chwaa. Kwaya.

Hakusema neno. Tukaangalia kwaya.

Sasa kwenye kile chumba alikuwepo pia mtoto wa dada, yuko kidato cha kwanza, amekaa chini na daftari la historia kwa sababu Jumatatu ana zoezi. Dogo akanisogelea, akanionyesha ile picha ambayo kila Mtanzania aliyefika sekondari anaijua, ile foleni, wa nyuma kainama ana manyoya, anayefuata kanyanyuka kidogo, mwingine kashika jiwe, mpaka wa mbele kabisa kasimama wima kama anasubiri daladala ya KCMC. Akaninong'oneza, "Anko, hii ni ya kweli au ni ya mtihani?"

Dah. Nilitaka kucheka nikashindwa. Maana lile swali ndo sisi wenyewe kabisa. Hii nchi fuvu liko kwetu, nyayo ziko kwetu, bonde lenyewe ukitoka hapa Moshi asubuhi na mapema jioni uko Ngorongoro, kila mtoto anakariri Zinjanthropus, yule wa fuvu la Oldupai, mpaka anaota, anajibu, anapata vema, anafunga daftari, na akitoka nje ya geti ukimuuliza anakwambia mi sikutoka kwa nyani bwana. Hatubishani hata. Wenzetu Marekani nasikia mpaka mahakamani wamefika kwa hili jambo, huku sisi tumelipa chumba chake, linaitwa mtihani, na likiingia humo halitoki.

Kaka yangu ni dereva wa watalii, yeye ndo kabisa. Ananiambia nikiwa Oldupai na wageni naongea miaka milioni mbili bila kupepesa macho, Jumapili nikiwa na watoto wangu naongea siku sita, na tipu inaingia. Nikamuuliza sasa wewe mwenyewe unaamini ipi. Akasema, "Mangi, mimi naamini msimu."

Hata neno lenyewe, mageuzi ya viumbe, linatupa shida. Nilimwambia mzee mmoja jirani kwamba namfundisha dogo habari za mageuzi, akakaa vizuri akaanza kunisimulia Mrema 1995, alivyogombea urais na kile chama cha NCCR-Mageuzi, watu walivyosukuma gari. Nusu saa. Kwa Moshi ukisema mageuzi unakuwa umesema siasa.

Basi nikamtoa dogo nje, tukakaa kwenye ngazi, nikajaribu. Kitu cha kwanza nilimwambia hiyo foleni kwenye daftari ni uongo wa mchoraji. Sio foleni. Ni ukoo. Kwenye ukoo wetu kuna babu, wale watoto wake wakatawanyika, mmoja akabaki hapa Kibosho, mwingine akaenda Hai, mwingine akapotelea Tanga huko, leo wajukuu wa Tanga hata sura hatufanani, sasa mtu akisema wewe umetoka kwa yule wa Tanga atakuwa mwongo, nyie wote mmetoka kwa yule babu, na babu hakuwa wewe na hakuwa yule. Ile "kama tulitoka kwa nyani mbona nyani bado wapo" inaishia hapo hapo, ni sawa na kuuliza kama sisi wote ni wajukuu wa babu mbona binamu zangu wa Tanga bado wapo. Na tena nyani wa watu tunamsingizia. Nyani yuko mbali, ukoo wetu na wake uliachana zamani sana, zaidi ya miaka milioni 20. Aliye karibu ni sokwe, huyo ni kama miaka milioni sita au saba. Kwa Kiswahili chetu tumegombana na mnyama asiyehusika.

Na hata Zinjanthropus mwenyewe hayuko kwenye mstari wetu, yeye ni baba mdogo aliyekufa bila mtoto, tawi la pembeni lenye magego makubwa ya kusaga majani na mizizi, likaisha.

Dogo akauliza, sasa ni siku gani mnyama alizaa mtu? Swali zuri kuliko la kwenye zoezi. Nikamwambia anza kutembea kutoka Siha, pita Machame, pita Kibosho, Uru, Old Moshi, Vunjo, nenda mpaka Rombo, kila kijiji kinaelewana na kijiji cha jirani, hakuna mto ambao mama upande huu anaongea lugha moja na mtoto wake upande ule nyingine, lakini mchukue bibi wa Machame umkalishe na bibi wa Rombo, wataishia kuongea Kiswahili. Lini Kimachame kilizaliwa? Hakuna siku. Akakaa kimya anang'oa nyasi. Nadhani iliingia, au alikuwa anafikiria mpira, sijui.

Mama alikuwa anatusikia kupitia dirisha. Nilijua kwa sababu kwaya ilipunguzwa sauti.

Akatoka na sufuria la maharage ya kuchambua, akakaa, akasema "we baba unamfundisha mtoto nini?" Sikutaka kuanza na sokwe, nilishajua mlango huo umefungwa. Nikamuuliza, mama, unakumbuka klorokwini? Nani haikumbuki. Chungu, na ukishaimeza kama wewe ni wa kuwashwa unawashwa mwili mzima, mi nilikuwa najikuna mgongo na gunzi la mhindi nimeegemea ukuta nalia. Nikamuuliza kwa nini waliiacha. Akajibu palepale, "malaria iliizoea." Sawa. Ila nikamwambia mama ilizoeaje, kimelea kimoja hakikai kikazoea kama wewe unavyozoea pilipili. Ndani ya mgonjwa mmoja vipo mamilioni kwa mamilioni, vichache kwa bahati tu vimezaliwa na hitilafu ndogo inayovifanya viweze kuitema ile dawa, unapomeza vingine vyote vinakufa, hivyo vichache vinabaki na uwanja mzima, mbu anakuja anabeba hivyo hivyo anapeleka kwa jirani, miaka ikienda malaria ya nchi nzima ni watoto wa wale waliobaki. Ndo maana 2001 serikali ikaiondoa klorokwini ikaleta dawa nyingine, SP, nayo hiyo haikukaa, 2006 ikabidi twende kwenye dawa mseto. Tumeyaona haya kwa macho yetu, sio mamilioni ya miaka, mimi nilikuwa najikuna na gunzi.

Mama huku anachambua maharage, yaliyotobolewa anatupa kwa kuku, mazuri kabisa anaweka pembeni kwenye kikopo. Nikamwambia na hicho kikopo? Akasema hii mbegu. Nikamwambia basi, wewe unachagua, kule dawa imechagua, hiyo ndo kazi yote ya Darwin, yule wa kitabu cha mageuko. Akasema, "Darwin hakulima." Sina hakika kama hiyo ni hoja ila sikuwa na jibu.

Nikatoa karata yangu ya mwisho. Mama ni WAWATA damu, ule umoja wa wanawake Wakatoliki, na mwaka 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Moshi alikuwepo, alitembea usiku kushuka mjini, picha ile iko ukutani mpaka leo juu ya kabati la vyombo. Nikamwambia mama, huyu huyu wa kwenye picha, mwaka 1996 aliwaandikia wanasayansi wa Vatikani kwamba hili jambo la mageuko limeshakuwa zaidi ya dhana tu, na roho ndo inatoka kwa Mungu moja kwa moja. Alinyamaza muda. Maharage mawili matatu yakaenda kwa kuku. Afu akasema, "Kama Baba Mtakatifu alisema ana sababu zake. Lakini hakusema nyani." Na ni kweli, hakusema nyani.

Mwezi wa nne, masika, kaka hana wageni, gari limekaa tu, akasema twendeni Oldupai. Mimi, yeye na dogo. Mama akakataa, mgongo na ile barabara ya baada ya geti haviendi. Nimekaa Kilimanjaro maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kufika Oldupai, na najua siko peke yangu, Mzungu anapanda ndege mbili kuja kuona na sisi tunapita Makuyuni tunaenda msibani. (Ni Oldupai, sio Olduvai, ni jina la Kimaasai la ule mkonge pori uliojaa pale, wageni walisikia vibaya wakaandika vibaya na dunia nzima ikakopi.) Juu pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kaka akasimamisha gari, kuna mnara wa mawe wa yule kijana wa Kijerumani Michael Grzimek, alikuwa anahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo na baba yake, Januari 1959 ndege ikagongana na tai ikaanguka, akafa, akazikwa hapo ukingoni. Filamu yao ikaja kupata Oscar. Kwa hiyo hizi Jumapili zetu za mama na rimoti unaweza kusema zina kaburi lake, na liko Ngorongoro. Na mwaka ule ule, Julai 17, ndo fuvu lilipatikana, miaka 100 tangu Darwin atoe kitabu chake. 1959 haikuwa ya mchezo.

Kule makumbusho ndo nikajua kitu ambacho shule haikuniambia, au iliniambia nikiwa nimelala. Louis Leakey, yule mtafiti tunayemkariri kwenye madaftari, siku ile alikuwa kambini, anaumwa homa. Aliyetoka ni mke wake Mary, na mbwa wake, yeye ndo aliona kipande cha mfupa kimechungulia kwenye udongo na meno yake, akaendesha gari kurudi kumwambia mumewe. Miaka milioni 1 na laki 7 na nusu fuvu limelala, amekuja kulifumania mwanamke aliyemwacha mume kitandani. Dogo aliandika hiyo kwenye daftari, akapigia mstari mara mbili.

Lakini kilichonishika mimi sio fuvu. Ni nyayo za Laetoli, kule kusini mwa Oldupai. Zenyewe halisi zimefukiwa ili zisiharibike, pale wameweka nakala, ila nakala inatosha. Mlima ulitema majivu, mvua ikanyesha kidogo, matone yenyewe yameacha alama, majivu yakawa kama saruji mbichi, watu wakapita. Miaka milioni 3 na laki 6 na zaidi. Kuna za kanga pia, na za sungura. Njia ya kama mita 27, mkubwa na mdogo wanaenda sambamba karibu karibu, na kuna wa tatu inaonekana alikuwa anakanyaga humo humo kwenye nyayo za mkubwa, kama sisi tulivyokuwa tunamfuata baba kwenye tope kushuka kisimani. Nilivua kiatu nikaweka mguu pembeni, mlinzi akanikataza, nikavaa. Ila niliona. Kidole gumba kiko mbele, sambamba na wenzake. Kisigino kimezama.

Nikapiga picha, Jumapili nikamwonyesha mama kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili, akavaa miwani, akaikuza tena. "Huyu mdogo alikuwa anashikwa mkono," akasema. Nikamwambia hatujui. "Mi najua. Ona anavyoenda. Hawa wametoka kuteka maji." Akajishika mkono, "ona, malaika yamenisimama." Na mimi nikang'ata ulimi, kwa sababu hayo malaika yenyewe yanavyosimama ni kazi ya zamani, mnyama mwenye manyoya akisikia baridi au akishtuka manyoya yanasimama, sisi manyoya yameisha ila ile misuli midogo bado inaitika, yaani mama alikuwa ananipa ushahidi mkononi mwake mwenyewe bila kujua. Nilinyamaza. Kitu kimoja tu nikajikaza nikasema, kwamba mama, hawa wa nyayo ni wa zamani mara mbili ya lile fuvu, na wataalamu wanasema ungewaona usoni wangefanana na sokwe kuliko sisi.

Akanirudishia simu. "Sura sijaiona. Mimi nimeona miguu."

Toka siku hiyo Gombe ikija haibadilishi. Inapofika kwenye ile sentensi anaenda jikoni kuangalia kama jiko limezima, na gesi tunajua wote haijawashwa, lakini anarudi.

Dogo naye amefanya mtihani wa muhula. Swali la nne, nani aligundua fuvu la Zinjanthropus, akaandika kwa madaha kabisa, Mary Leakey. Kakatwa, mkwaju mwekundu, pembeni mwalimu kaandika Dr. L. S. B. Leakey, rejea daftari lako. Kwa maksi hiyo moja kashuka kutoka wa tatu mpaka wa tano. Amekuja mpaka dukani kwangu mjini na ile karatasi, hajanisalimia hata shikamoo, kaiweka juu ya kaunta.

"Anko mi si nilikuuliza lakini."